Fahali Wawili na Zizi la Hamsini kwa Mia

Mageti ya nyumba nyingi kati ya miji ya Ruiru na Thika yana kibao chenye maneno mawili: Mbwa Kali. Mwalimu wa Kiswahili angedai iandikwe "mkali", lakini geti halifanyi mtihani. Kibao hicho humwonya mpita njia kuhusu yaliyo ndani, na hakuna anayekisoma akiwa ndani. Huko ndani ndiko kwenye kisa cha makala hii. Mbwa wawili wamelelewa pamoja tangu wakiwa vitoto, wamekula sufuria moja, wamelala kibanda kimoja, kisha usiku mmoja wanararuana mpaka mtaa mzima unaamka. Mwenye nyumba anatoka na tochi na ndoo ya maji, anawakuta wametapakaa damu, na asubuhi anawaeleza majirani kwamba wamegeuka ghafla, bila sababu. Majirani wanampoza kwa methali: fahali wawili hawakai zizi moja. Mjadala unafungwa hapo. Mmoja anatiwa mnyororo kwa maisha yake yote, au anapewa fundi anayerudi mashambani, au anabebwa kwenye buti la gari na kutupwa mbali ambako hataijua njia ya kurudi.

Methali hiyo inawafaa wanasiasa. Kwa mbwa inatupotosha mara mbili: inawakodolea macho fahali na kulisahau zizi, tena inatuaminisha kwamba ugomvi ulizaliwa siku ile ulipoonekana. Ninachodai ni kwamba mbwa wanaoishi pamoja ni nadra sana kugombana ghafla. Usiku wa damu huwa ni siku ya kulipana madeni yaliyolimbikizwa kwa majuma, pengine kwa miezi, na madeni hayo hatukuyaona kwa kuwa tumewaweka mbwa wetu mahali tusipotazama, katika saa ambazo hatupo au tumelala. Waswahili walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo tunausikia, kimya ndicho kilichotupita.

Kabla sijaendelea, lazima nikiri kwamba ipo ghafla moja ya kweli, nayo huua watu. Mbwa aliyekuwa mtulivu akianza kumng'ata mwenzake, kisha kuku, kisha mbao za kibanda na mnyororo wenyewe, sauti ikamgeuka, mate yakamchuruzika, akashindwa kumeza au akayumba miguu ya nyuma, huyo hana ugomvi wa kusuluhishwa. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa pembezoni mwa Nairobi, na zaidi ya karne moja baadaye bado tunaishi nacho. Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kukomesha vifo vya binadamu kutokana na ugonjwa huo ifikapo 2030, na nguzo yake kuu ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana swali la kwanza baada ya mbwa kupigana ni kadi ya chanjo iko wapi; nani alianza ni swali la baadaye. Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu hivi, kisha kila mwaka. Mtu aliyeng'atwa, hata kama alikuwa akiwaamua mbwa wake mwenyewe, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja kuona kama kidonda kitafanya usaha. Mbwa aliyemng'ata mtu hutengwa na kuangaliwa kwa siku 10, na akishukiwa kuwa na kichaa, daktari wa mifugo wa serikali hujulishwa. Kumponda kichwa kwa rungu ni kosa juu ya kosa, maana ubongo ule ndio unaohitajika katika maabara ya mifugo ya Kabete ili ukweli ujulikane.

Lakini mbwa wengi wanaopigana hawana kichaa. Wana ploti. Sehemu kubwa ya ardhi ya Ruiru ilikuwa mashamba ya kahawa. Hata aina ya kahawa iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, Ruiru 11, ilipewa jina la mji huu wenye kituo cha utafiti wa zao hilo. Kisha barabara kuu ya Thika ikapanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, na mibuni ikazidi kung'olewa kupisha nyumba. Sensa ya 2009 iliuhesabia mji wa Ruiru watu wapatao 239,000. Ile ya 2019 ilikuta takriban 490,000. Ardhi iliuzwa kwa kipimo ambacho kila mtu huku anakijua, hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100, karibu mita 15 kwa 30. Toa nyumba, toa tangi la maji, toa gari, toa vyumba viwili vya kupangisha nyuma, na kinachobaki ni ujia wa saruji kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa jirani. Hilo ndilo zizi. Mbwa hufungiwa ndani ya kibanda tangu alfajiri, mwenye nyumba anapoondoka kuwahi matatu ya Nairobi, na hufunguliwa usiku baada ya saa tatu au nne, akiwa na nguvu za siku nzima ambazo hazijatumika. Chakula ni ugali na matumbo, au mifupa iliyofungwa kwenye karatasi kutoka kwa wachoma nyama wa Kamakis, kikimwagwa mara moja mbele ya wote wawili. Ukitaka kubuni mpango wa kuwagombanisha wanyama wawili, hutapata ulio bora kuliko huu.

Mbwa wenyewe hujitahidi sana kuepuka vita. Ni mnyama mwenye meno ya kuvunja mfupa, na kwa sababu hiyo hiyo ana lugha ndefu ya kutoyatumia. Mmoja huukodolea macho mlango wa kibanda mwenzake anapotaka kuingia. Mwenzake hugeuza uso, hujilamba pua, hupiga miayo bila usingizi, hupita kwa kujipinda kando ya ukuta. Mmoja hula akiwa amekakamaa, mwili wote umesimama isipokuwa taya. Mwingine huketi mbali akijifanya anajikuna. Siku nyingine mmoja huziba njia kwa mwili wake, bila kutoa sauti, na yule wa pili huamua kwamba hana kiu tena. Hizi zote ni sentensi kamili. Anayezisoma huona mgogoro majuma kadhaa, pengine miezi, kabla ya damu. Tatizo ni kwamba nyuma ya nyumba saa nane za usiku hakuna msomaji. Na hata sentensi za sauti, yaani mngurumo, tumejifunza kuzifuta: mbwa akinguruma juu ya mfupa anapigwa teke kwa utovu wa adabu. Hapo hatujamfundisha upole. Tumemfundisha kutoonya, na kinachofuata onyo lililofutwa ni jino. Mwenye nyumba anayesema mbwa wake aling'ata bila hata kunguruma mara nyingi anaeleza, bila kujua, malezi aliyompa.

Kuna watakaosema nimewapa wanyama haki nyingi mno, kwamba mbwa wana ufalme wao, na dawa ni kuwaacha wapigane mpaka ijulikane nani mkubwa. Fikra hiyo ina asili yake katika sayansi, ila ni sayansi ambayo aliyeieneza mwenyewe ameikana. Mwaka 1947 mtaalamu wa wanyama wa Uswisi, Rudolf Schenkel, aliandika juu ya mbwa mwitu aliowachunguza katika bustani ya wanyama ya Basel, na akaeleza jinsi walivyoshindania vyeo. Mmarekani David Mech aliisambaza dhana ya kiongozi mbabe katika kitabu chake cha mwaka 1970. Baadaye Mech alikaa majira mengi kaskazini kabisa ya Kanada akiwatazama mbwa mwitu walio huru, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la kawaida porini ni familia: baba, mama na watoto wao, na kijana anayechoka kuwatii wazazi huondoka kwenda kuanzisha lake. Vita vya vyeo alivyoviona Schenkel vilitokea kwa wanyama waliochanganywa bila undugu, hadi kumi kwa pamoja, ndani ya uzio wa mita 10 kwa 20, bila mlango wa kuondokea. Ni mfinyo unaofanana na wa ua unaobaki kwenye hamsini kwa mia baada ya nyumba kujengwa. Basel haikutuonyesha tabia ya mbwa mwitu. Ilituonyesha zizi. Anayewaacha mbwa wawili wamalizane katika mitaa ya Membley au Makongeni anasahau kwamba porini anayeshindwa hukimbia, na hapa anayeshindwa hugonga ukuta wenye vigae vya chupa juu.

Methali ina kosa jingine, dogo lakini la kufurahisha. Inasema fahali. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa jozi 38 za mbwa waliokuwa wakigombana ndani ya nyumba moja. Jozi 30 zilikuwa za jinsia moja, hapo methali inapona. Lakini majike walihusika katika jozi 26. Aliyeanza vita kwa kawaida alikuwa yule mdogo kwa umri, au yule aliyeletwa wa mwisho. Na vilivyowasha moto vilikuwa vitu vya kila siku: bwana au bibi wa nyumba kumgusa mmoja, chakula, msisimko wa mtu kuwasili, kitu kilichookotwa. Mtu anaweza kunipinga, na kwa haki, kwamba hao ni mbwa wa Massachusetts wanaolala kwenye zulia, tena walipelekwa kwa mtaalamu na watu wenye uwezo. Wanahusiana nini na mbwa wa mtaa wetu wa Kimbo? Nakubali kwamba idadi hizo haziwezi kuhamishiwa huku kama zilivyo. Kinachohamishika ni orodha ya vichochezi, na hapa naona kwetu ina uzito zaidi. Mbwa anayekaa na watu mchana kutwa hupata kuguswa mara 50, hata akikosa mara moja si kitu. Mbwa wa Ruiru humwona mtu wake kwa dakika kumi jioni. Kitu adimu ndicho kinachopiganiwa, na katika nyua nyingi adimu kupita mfupa ni yule mtu anayefungua geti.

Geti lenyewe linastahili kutazamwa kwa makini, maana naamini linazaa ugomvi mwingi kuliko sufuria. Boda boda inapita, mbwa wawili wanalirukia geti wakibweka kwa nguvu zote. Wanachokilenga hakifikiki: kuna bati au vyuma katikati. Hasira imepanda, mwili umejaa, na kilicho karibu kabisa na mdomo ni shingo ya mwenzake. Anaipiga. Mwingine anajibu. Baada ya sekunde tatu boda boda imeshafika barabarani na hapa vita vinaendelea bila mtu kujua vilianzia wapi. Wataalamu wa tabia za wanyama wanaijua sana hali hii, hasira iliyokosa mwenyewe na kumwangukia jirani, na hata binadamu aliyekosana na bosi Nairobi kisha akafoka nyumbani anaielewa bila kufundishwa. Ikijirudia mara kadhaa, kila mbwa huanza kumhusisha mwenzake na yale maumivu, na sasa hawahitaji tena boda boda. Tiba ya kwanza ni ya fundi wa kuchomelea: ziba nafasi za chini ya geti kwa bati ili wasione miguu na magurudumu, na uweke uzio mwepisi wa ndani unaowazuia kulifikia geti kwa pamoja. Pesa ya bati ni ndogo kuliko ya kushona sikio.

Mwili nao una mchango wake. Mbwa wengi hufikia utu uzima wa kijamii kati ya mwaka mmoja na mitatu, na ndiyo sababu vitoto viwili vya tumbo moja, vilivyonunuliwa pamoja ili visiwe na upweke, huishi kwa amani hadi mwaka na nusu halafu huanza kupimana. Jike huingia joto karibu kila baada ya miezi sita, kwa majuma matatu hivi, na katika majuma hayo madume wa mtaa mzima hulala nje ya geti lake. Kuhasi madume hupunguza ugomvi wa aina hii. Kwa majike wawili wanaochukiana matokeo hayatabiriki kiasi hicho, na anayeahidiwa kwamba kisu kitamaliza kila kitu ameuziwa matumaini. Kisha kuna maumivu. Nyonga inayouma, jino lililooza, sikio lenye usaha, homa ya kupe: mbwa anayeumwa hulinda nafasi yake kwa ukali asiokuwa nao jana. Pale ambapo mbwa wa makamo amebadilika bila kitu chochote uani kubadilika, daktari aitwe kabla ya mtu wa kumfunza. Na daktari maana yake ni aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, si muuza dawa aliye na sindano mfukoni.

Pingamizi zito kuliko yote huku kwetu ni la usalama. Mbwa amewekwa alinde. Akizoeshwa watu, akitembezwa, akilishwa kwa mpangilio, atakuwa paka. Mwizi atamrushia kipande cha nyama na kuingia. Hofu hiyo ina msingi, hakuna anayeweka mbwa wawili katika mtaa wa Landless kwa ajili ya mapambo. Lakini tutenganishe kazi na kelele. Kinachomfukuza mwizi ni kubweka mapema na mbwa kuwa huru kuzunguka ua mzima. Mbwa wawili wasioelewana hawawezi kufunguliwa pamoja, kwa hiyo usiku mmoja yuko kibandani, na aliye nje nusu ya fikra yake iko kwa adui aliye ndani. Wakifunguliwa wote hata hivyo na kupigana saa tisa usiku, geti halina mlinzi. Wala ukali kwa mbwa mwenzake si ukali kwa mgeni. Ni mambo mawili tofauti, na mbwa anayeraruana na wa nyumbani anaweza kumtingishia mkia fundi wa maji.

Basi wakishapigana, afanye nini mwenye nyumba? Asitie mkono katikati, wala asishike kola. Mbwa aliye vitani hatofautishi kidole na sikio. Maji mengi ya ghafla, kugonga sufuria, ubao au kiti cha plastiki kikisukumwa kati yao, hivyo hufanya kazi mara nyingi. Wakiachana, kila mmoja afungiwe mbali ambako hawaonani, na wasipigwe, kwa kuwa kipigo huwa kumbukumbu nyingine mbaya iliyofungamana na mwenzake. Majeraha yakaguliwe kwa vidole chini ya manyoya: tundu la jino huonekana dogo juu na huwa pango chini, na baada ya siku mbili huvimba. Kisha wakae mbalimbali kwa siku kadhaa, hadi mwili utulie. Kosa kubwa ni kuwakutanisha jioni ile ile "wasameheane". Wanaporudishwa waanzie nje ya ua, mahali ambapo hakuna mbwa anayejiona mwenyeji kati yao: watu wawili, kamba mbili, wakitembea upande mmoja kwa umbali wa mita kadhaa, asubuhi na mapema kabla mbwa wasio na wenyewe hawajajaa barabarani. Umbali upungue siku hadi siku, kwa mwendo wao. Nyumbani kila mmoja ale kwenye chombo chake nyuma ya mlango wake, mifupa iondolewe kabisa, vibanda viwe viwili, na anayefungua geti asimsalimie yeyote mpaka wote wametulia. Huko Tufts, sheria ya namna hiyo, kwamba mbwa afanye jambo dogo kama kuketi kabla ya kupewa chochote, ndiyo iliyofaa kuliko nyingine zote zilizojaribiwa, hata dawa.

Mtu anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri atauliza ataipata wapi nafasi ya kutembeza mbwa wawili kwa kamba mbili. Hili silidharau. Muda ndio bidhaa ghali zaidi kando ya barabara ya Thika. Ila kama nafasi ya mbwa wawili haipo, basi haipo, na jibu la kweli ni kuwa na mbwa mmoja, anayepata ua wote, chakula chote na zile dakika kumi zote. Wapo pia mbwa ambao, baada ya kila juhudi, hawawezi tena kuishi pamoja, hasa pale ambapo mmoja ameshamuumiza mwenzake vibaya zaidi ya mara moja. Hao watenganishwe kwa nyumba, si kwa mlango. Anayempokea mmoja wao aambiwe wazi: huyu anapigana na mbwa wa jinsia yake, asiwekwe na mwingine. Akabidhiwe na kadi ya chanjo, apelekwe kwa kamba hadi ndani ya geti, na mwenye kumtoa apige simu baada ya wiki kuuliza kama anakula.